Kupima Uwiano wa Mstari Mnyoofu: Kutoka Mkokoteni wa Madafu hadi Maji ya Bamvua

Muuza madafu aliyeweka mkokoteni wake Mapembeni mjini Mombasa, kando ya barabara ya Moi, hahitaji kuambiwa kwamba siku ya jua kali mzigo humalizika mapema kuliko siku ya mawingu. Hilo analijua. Asilolijua, na ambalo lingemfaa anapoagiza mzigo wa kesho, ni kiasi ambacho joto na mauzo yake huandamana: je, ni jambo la kutegemewa, au ni dhana iliyojengwa juu ya siku mbili tatu zilizomkaa kichwani? Swali la namna hii hujibiwa kwa kipimo cha uwiano, ambacho wanatakwimu hukiandika kwa herufi r, na mwongozo huu unaeleza jinsi ya kukikokotoa kwa kalamu na karatasi, jinsi ya kukisoma, na mahali ambapo humdanganya mtu asiyeangalia.

Nianze na maneno, kwa sababu neno uwiano lina kazi mbili katika Kiswahili. Tunaposema kwamba wali wa nazi unataka kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe viwili vya tui, huo pia tunauita uwiano, lakini si huo ninaouzungumzia hapa. Hapa uwiano ni tabia ya vitu viwili kupanda na kushuka pamoja. Kitu chochote kinachopimwa, na ambacho thamani yake hubadilika kutoka siku hadi siku au kutoka mtu hadi mtu, nitakiita kigeu. Joto la saa sita mchana ni kigeu, na idadi ya madafu yaliyouzwa ni kigeu cha pili. Wazo la kupima mwandamano wa vigeu viwili kwa nambari moja lilitolewa na Mwingereza Francis Galton mwaka 1888, alipokuwa akilinganisha vipimo vya viungo vya mwili wa binadamu, na hesabu tunayoitumia leo iliwekwa sawa na Karl Pearson katika miaka ya 1890. Ndiyo maana vitabu vingi huiita r ya Pearson.

Kazi huanzia kwenye daftari. Vigeu viwili lazima viandikwe kwa jozi, yaani kila nambari ya joto iwe na nambari yake ya mauzo ya siku ileile. Orodha ya joto la Februari na orodha ya mauzo ya Machi haziwezi kupimwa uwiano hata zikiwa na urefu sawa, kwa kuwa hakuna kinachozifunga pamoja. Siku ambayo joto liliandikwa na mauzo yakasahauliwa iachwe nje yote. Isijazwe kwa kukisia. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu kosa la kujaza mapengo halionekani tena baada ya hesabu kufanyika, na hakuna fomula inayoweza kulirekebisha.

Nambari zifuatazo nimezitunga kwa ajili ya somo hili, ili hesabu iwe nyepesi mkononi. Chukulia kwamba ni za wiki moja ya mkokoteni wetu, joto likiwa kwa nyuzi za Selsiasi:

Jumatatu: joto 29, madafu 46
Jumanne: joto 28, madafu 38
Jumatano: joto 31, madafu 52
Alhamisi: joto 30, madafu 55
Ijumaa: joto 32, madafu 61
Jumamosi: joto 31, madafu 57
Jumapili: joto 29, madafu 41

Kabla ya kukokotoa chochote, chora. Piga mhimili wa kulala kwa ajili ya joto na mhimili wa kusimama kwa ajili ya madafu, kisha weka nukta moja kwa kila siku. Ukifanya hivyo utaona nukta saba zinazopanda kutoka kushoto chini kuelekea kulia juu, zikiwa zimekaribia kujipanga kwenye mstari bila kukaa juu yake sawasawa. Mchoro huu huchukua dakika tano, nao ndio utakaokuambia kama hesabu inayofuata ina maana au haina. Mimi sikubali r yoyote ambayo mchoro wake sijauona, na nitaeleza sababu mbele.

Sasa hesabu. Tafuta wastani wa kila kigeu. Jumla ya joto ni 210, ukigawa kwa siku 7 unapata 30. Jumla ya madafu ni 350, ukigawa kwa 7 unapata 50. Kisha kwa kila siku tafuta mkengeuko, yaani umbali wa nambari ya siku hiyo kutoka kwenye wastani wake, na alama ya kujumlisha au kutoa ibaki palepale. Jumatatu joto lilikuwa nyuzi moja chini ya wastani, kwa hiyo mkengeuko wake ni −1, na madafu yalikuwa manne chini ya wastani, kwa hiyo −4. Kwa siku zote saba, mikengeuko ya joto ni −1, −2, 1, 0, 2, 1 na −1; ya madafu ni −4, −12, 2, 5, 11, 7 na −9. Hakikisha kwamba kila orodha ikijumlishwa inatoa sufuri. Isipotoa sufuri, umekosea wastani au umekosea kutoa, na ni heri ulijue hilo sasa.

Hatua inayofuata ndiyo kiini cha jambo lote. Zidisha mkengeuko wa joto kwa mkengeuko wa madafu, siku kwa siku. Jumanne ilikuwa ya baridi na mauzo yalikuwa duni: −2 mara −12 ni 24, nambari chanya. Ijumaa ilikuwa ya joto na mauzo yalikuwa mazuri: 2 mara 11 ni 22, nayo pia ni chanya. Tazama kwamba siku ambayo vigeu vyote viwili viko juu ya wastani na siku ambayo vyote viwili viko chini yake hutoa ushahidi wa aina moja, yaani vinakwenda pamoja, na kuzidisha alama mbili zinazofanana hulitambua hilo. Lau siku moja ingekuwa ya joto kali na mauzo mabovu, zao lake lingekuwa hasi na lingevuta jumla chini. Alhamisi, ambayo joto lake liliangukia kwenye wastani hasa, haitoi ushahidi wowote: zao lake ni sufuri, ingawa madafu yalizidi wastani kwa matano. Mazao yote saba ni 4, 24, 2, 0, 22, 7 na 9, na jumla yake ni 68.

Hiyo 68 peke yake haisomeki, kwa kuwa ingebadilika tukipima mauzo kwa shilingi badala ya idadi. Kwa hiyo tunaipima dhidi ya mtawanyiko wa vigeu vyenyewe. Chukua mikengeuko ya joto, zidisha kila mmoja kwa wenyewe, ujumlishe: 1, 4, 1, 0, 4, 1 na 1 ni 12. Fanya vivyo hivyo kwa madafu: 16, 144, 4, 25, 121, 49 na 81 ni 440. Zidisha 12 kwa 440 upate 5,280, tafuta kipeuo chake cha pili, ambacho ni takriban 72.66, kisha ugawe 68 kwa hiyo. Jibu ni 0.94 ukikadiria kwa nafasi mbili za desimali. Hiyo ndiyo r.

Kwa jinsi ilivyoundwa, r haiwezi kuzidi 1 wala kupungua chini ya −1. Ikiwa 1, nukta zote ziko juu ya mstari mnyoofu unaopanda. Ikiwa −1, zote ziko juu ya mstari mnyoofu unaoshuka. Ikikaribia sufuri, hakuna mstari mnyoofu, uwe wa kupanda au wa kushuka, unaofuata nukta hizo kwa namna yoyote ya maana. Kwa kuwa vipimo vimekatana juu na chini ya mgawanyo, r haina kizio: ukibadilisha Selsiasi kuwa Farenhaiti, au idadi ya madafu kuwa shilingi kwa bei moja, r inabaki ileile 0.94. Wengi husahau kwamba r haisemi mstari umeinuka kiasi gani. Anayetaka kujua kila nyuzi moja ya joto huandamana na madafu mangapi zaidi atagawa 68 kwa 12 na kupata takriban 5.7, na hiyo ni nambari nyingine yenye kazi nyingine. Mstari uliolala karibu chini unaweza kuwa na r ya 0.99, na mstari ulioinuka sana unaweza kuwa na r ya 0.4.

Ukizidisha r kwa yenyewe, 68 mara 68 ni 4,624, nayo ukigawa kwa 5,280 ni 0.88. Maana yake ni kwamba asilimia 88 ya mtawanyiko wa mauzo katika wiki hii inalingana na mstari wa joto, na asilimia 12 iliyobaki inatokana na mambo mengine. Daftari lenyewe linadokeza mojawapo: Jumatatu na Jumapili zilikuwa na joto sawa la nyuzi 29, lakini Jumatatu yaliuzwa 46 na Jumapili 41. Mtu anayeujua mji huu atakumbuka haraka kwamba Jumapili maofisi ya barabara ya Moi yamefungwa.

Je, siku saba zinatosha? Uwiano wa siku chache huweza kujitokeza kwa bahati tu, kama vile mtu anavyoweza kurusha sarafu mara tano akapata upande mmoja mara zote tano. Wanatakwimu wana mipaka ya kupimia jambo hili. Ikiwa kwa kweli hakuna uhusiano wowote kati ya vigeu viwili, basi jozi 5 zinaweza kutoa r iliyovuka 0.878, upande wa chanya au wa hasi, mara 5 katika kila majaribio 100. Kwa jozi 7 mpaka huo ni 0.754, kwa jozi 10 ni 0.632, na kwa jozi 30 ni 0.361. R yetu ya 0.94 imeupita mpaka wa jozi 7 kwa nafasi kubwa, kwa hiyo si rahisi kuiita bahati. Mipaka hii huchukulia kwamba kila jozi inajitegemea, sharti ambalo siku zinazofuatana hazilitimizi kikamilifu, kwani jua la leo mara nyingi ni jua la kesho. Ni vyema pia kuandika siku za majira mbalimbali. Anayepima wiki mbili za Machi pekee, joto linapokaa palepale juu, ataona r ndogo kuliko anayechanganya Machi na siku za Julai zenye ubaridi, kwa sababu kigeu kisichosogea hakiwezi kuonyesha kinaandamana na nini.

Sasa nirudi kwenye mchoro. Chukulia kwamba Jumatatu iliyofuata ilinyesha tangu alfajiri, joto la mchana likawa nyuzi 26, lakini nyumba moja yenye harusi ikaagiza madafu kwa ajili ya wageni, na mauzo ya siku yakafika 90. Tuiongeze siku hiyo kwenye orodha. Wastani wa joto unakuwa 29.5 na wa madafu 55. Jumla ya mazao inashuka kutoka 68 hadi −72. Jumla ya mikengeuko iliyozidishwa kwa yenyewe inakuwa 26 kwa joto na 1,840 kwa madafu. Gawa −72 kwa kipeuo cha pili cha 47,840, ambacho ni 218.7, na r mpya ni −0.33. Siku moja, oda moja ya harusi, imegeuza uwiano wenye nguvu wa kupanda ukawa uwiano dhaifu wa kushuka. Anayetazama nambari pekee atasema kwamba joto likizidi madafu hayanunuliwi. Anayetazama mchoro ataona nukta saba zimejipanga vilevile kama jana, na ya nane imekaa peke yake pembeni juu.

Tiba yake si kuifuta nukta hiyo kwa kuwa haipendezi. Rudi kwenye daftari ujue kilichotokea. Ikiwa ni kosa la kuandika, lisahihishe. Ikiwa ni tukio la aina nyingine, kama oda ya harusi ambayo haihusiani na kiu ya mpita njia, unaweza kuiweka kando, mradi useme wazi kwamba umeiweka kando na utoe r zote mbili. Ipo pia njia iliyopendekezwa na Charles Spearman mwaka 1904, ya kubadilisha nambari kuwa nafasi: siku ya baridi zaidi iwe ya 1, inayofuata ya 2, zinazolingana zigawane nafasi zao, kisha r ikokotolewe kwa nafasi hizo. Kwa siku zetu nane inatoa takriban 0.28. Alama imerudi kuwa chanya, kwa kuwa 90 sasa inahesabika kama nafasi ya nane tu na si kama nambari iliyo mbali, ingawa katika orodha fupi hivi harusi bado inalemea.

Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alichapisha orodha nne, kila moja yenye jozi 11, ambazo wastani wake, mtawanyiko wake na r yake ya takriban 0.82 karibu havitofautiani. Zikichorwa, ya kwanza ni nukta za kawaida zinazofuata mstari. Ya pili ni upinde safi. Ya tatu ni mstari mnyoofu wenye nukta moja iliyotoroka. Na ya nne ni nukta kumi zilizosimama wima, pamoja na moja ya mbali ambayo peke yake ndiyo inayozalisha uwiano wote. Ndiyo sababu ya msimamo wangu kuhusu mchoro.

Kuhusu kisababishi nitasema machache, kwa kuwa wengi wamelisikia onyo hili. Kila Desemba, shule zikiwa zimefungwa, nauli za basi kutoka Nairobi hupanda na biashara ya kukodisha maboya ya kuogelea hushamiri ufuoni. Ukipima uwiano wa nauli na maboya utaupata, lakini hakuna anayekodi boya kwa sababu nauli imepanda. Likizo ndiyo inayosukuma vyote viwili. Kila r inapokuwa kubwa, ulizia kitu cha tatu kabla ya kuandika neno “husababisha”.

Onyo la kinyume chake halisemwi vya kutosha, nalo ndilo ninaloliona kubwa zaidi: r ya sufuri haimaanishi kwamba hakuna uhusiano. Mahali pa kulionyesha ni hapa hapa pwani. Mvuvi yeyote wa Mji wa Kale anajua kwamba maji hufuata mwezi. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Chukua nambari za mfano, zilizosawazishwa ili hesabu iwe wazi, tukiacha ile siku moja au mbili ambazo bamvua huchelewa. Tarehe, zikihesabiwa tangu mwezi kuandama, ni 1, 8, 15, 22 na 29. Kimo cha maji yakijaa ni mita 3.5, 2.5, 3.5, 2.5 na 3.5. Wastani wa tarehe ni 15 na wa kimo ni 3.1. Mikengeuko ya tarehe ni −14, −7, 0, 7 na 14. Ya kimo ni 0.4, −0.6, 0.4, −0.6 na 0.4. Mazao ni −5.6, 4.2, 0, −4.2 na 5.6, na jumla yake ni sufuri kamili. Kwa hiyo r ni sufuri.

Uhusiano ambao watu wamepangia maisha yao ya baharini, siku ya kutoka, mahali pa kutega na saa ya kuvuka mwamba, umepata sufuri. Hesabu haikukosea. Iliulizwa kama maji huzidi kupanda kadiri tarehe inavyosonga, na jibu la swali hilo ni hapana: hupanda, hushuka, kisha hupanda tena. Mchoro ungekuonyesha mawimbi hayo papo hapo.

Suluhisho lake linatoka kwa mvuvi mwenyewe, kwa namna anavyohesabu siku. Yeye haangalii tarehe peke yake. Huangalia bamvua iko umbali gani. Basi badilisha kigeu cha kwanza: badala ya tarehe, andika idadi ya siku hadi bamvua iliyo karibu zaidi, iwe imepita au inakuja. Tarehe 1 ni 0, tarehe 8 ni 7, tarehe 15 ni 0, tarehe 22 ni 7, na tarehe 29 ni 0. Kimo kibaki kilekile. Kokotoa upya, na r inakuwa −1 kamili: kadiri bamvua inavyokuwa mbali, ndivyo maji yanavyojaa kwa kimo kidogo. Vipimo vya kweli kutoka ufuoni havingenyooka hivyo, kwa kuwa upepo na mengineyo huingilia, lakini mwelekeo ungekuwa huo. Nukta zinapojikunja kwenye mchoro, usiishie kuandika kwamba hakuna uwiano. Muulize anayeijua kazi hiyo yeye huipima kwa kitu gani.

Ukishaifanya hesabu kwa mkono mara mbili tatu, unaweza kuiachia kompyuta. Katika Excel, weka joto kwenye safu ya A na madafu kwenye safu ya B kuanzia mstari wa pili, kisha andika =CORREL(A2:A8,B2:B8) na itakupa 0.9358 kwa wiki yetu. Programu hiyo ina pia grafu ya nukta, na itumike kabla ya fomula.

Unapoandika matokeo, taja ulichopima, idadi ya jozi, r yenyewe na chochote ulichokiweka kando. Kwa mkokoteni wa Mapembeni, sentensi yake ingekuwa hivi: “Katika siku 7 zilizofuatana, joto la saa sita mchana na idadi ya madafu yaliyouzwa vilikuwa na uwiano mnyoofu wa kupanda, r = 0.94; siku ya nane, yenye mvua na oda moja ya harusi, haikuingizwa, na ikiingizwa r inakuwa −0.33.”